Paka wa Gunia la Sita

Mimi si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu kuna watu soko la Kashikishi watakaokuambia mengine, na wana midomo mizuri, usipoangalia utawaamini kabla hujanisikia mimi.

Naitwa Yolande. Nakaa Kilwa, upande wa Congo, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikivuka ziwa Mweru kuja Nchelenge, upande wa Zambia kuliko na soko hilo, kununua chisense, vile visamaki vyembamba vinavyoanikwa juani ufukweni na kuliwa Lubumbashi hata na wale wanaojidai hawali samaki wa maskini. Nanunua kwa magunia. Na anayenunua kwa magunia ana adui mmoja tu, naye ni hewa. Hewa ikikaa kati ya samaki na samaki, unailipia boti, unailipia lori, na ukifika Lubumbashi hakuna mtu anayekula hewa.

Ndiyo maana nilikuwa na mti wangu. Ulikuwa mti mnene wa kujaa mkononi, urefu wake mpaka kiunoni, na upande wa chini nilikuwa nimeufunga kitambaa ili usivunje samaki. Ukiuingiza katika gunia lililojaa na kushindilia mara tano sita, samaki wanashuka, na unapata nafasi ya kuongeza beseni zima. Mti huo niliuviringisha ndani ya mkeka wangu wa kulalia, ukasafiri nami kila mahali.

Niliuficha kwa sababu ya Febby. Febby ndiye aliyeniuzia samaki miaka minane mfululizo. Ni mwanamke wa Kibemba, mjane, mabega mapana, na sauti yake inaita boti iliyo katikati ya ziwa bila simu. Watoto wake wameolewa na kuoa huko Mansa, yeye amebaki na nyumba yake ya bati, mikeka yake ya kuanikia, na sheria yake moja. Gunia linajazwa, watu wawili wanaliinua na kuligonga chini mara tatu, linaongezwa mpaka mdomoni, linashonwa. Kutikisa ruhusa, kushindilia hapana. Nilikubali sheria hiyo mwaka wa kwanza, mkono juu, mbele ya mashahidi.

Na kila safari, Febby alipopanda nyumbani kunichukulia chai, mimi nilifungua mkeka.

Nilijiambia huo si wizi, ni akili ya biashara. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Mwenyewe nilikuwa nayo ya Kiswahili, ya Kibemba, na kidogo ya Kifaransa.

Sasa nikufikishe siku yenyewe. Ilikuwa Jumanne, juma la mwisho la Novemba, na ufukwe mzima ulikuwa mbio mbio. Ziwa lilikuwa linafungwa Jumapili, na likishafungwa hakuna wavu unaogusa maji mpaka Machi, samaki wapate kuzaa. Mimi boti yangu ilikuwa ya Ijumaa. Jumatatu jioni mvua ilikuwa imetufukuza tukiwa tumejaza magunia yangu tisa nusu nusu. Tuliyaacha ndani ya kibanda cha matete cha Febby, midomo wazi, tukakimbia na vitenge vichwani.

Asubuhi Febby aliniambia, "Mama Yolande, anza kujaza. Miye naenda kukuletea chai."

Nikamsikiliza mpaka nyayo zake zikapotea, nikakunjua mkeka.

Gunia la kwanza mpaka la tano halikuwa na neno. La sita, nilimimina beseni la samaki, nikasimamisha mti, nikashuka nao kwa nguvu zangu zote, na mimi nguvu ninazo. Gunia likalia.

Nimeishi miaka arobaini na saba na sijawahi kusikia gunia likilia. Mti ulinitoka mkononi ukaniangukia kwenye vidole vya mguu, na sikusikia hata maumivu. Likalia tena, safari hii kwa chini. Nikalipindua, nikamwaga kila kitu sakafuni, na katikati ya chisense akatoka mtoto wa paka wa rangi ya majivu, wa kukaa katika kiganja kimoja, mbavu zote unazihesabu, amebana kisamaki mdomoni. Mguu wake wa nyuma wa kulia ulikuwa unaning'inia. Alijaribu kusimama akaanguka. Akajaribu tena, akaanguka tena. Halafu akaacha, akakaa ananitazama tu. Kisamaki hakukiachia.

Niseme wazi: mimi na paka hatukuwa marafiki. Paka niliowatupia viatu ni wengi kuliko viatu nilivyonunua. Lakini huyu nilikuwa nimemvunja kwa mkono wangu. Alikuwa ameingia kuiba kidogo chake, akanikuta nami naiba changu, na aliyepigwa kati yetu ni yeye. Niliona aibu, ile ya kweli.

Kisha nikasikia Febby anarudi. Kitu cha kwanza nilichofanya, na sijisifu, ni kuficha mti. Cha pili ndiyo kumwokota paka.

Febby aliingia na birika mkono mmoja, sahani ya vitumbua mkono mwingine. Akaangalia samaki sakafuni, akaniangalia mimi.

"Iyee! Ni nini tena?"

"Kapushi," nikamjibu kwa Kibemba, ili nionekane mpole. "Mutoto wa paka. Nimemuokota ku barabara, baisikeli imemupita juu. Njo nikasituka, nikaangusha mufuko."

"Baisikeli ya nani?"

"Ya mutu wa makala ya moto. Mifuko tatu nyuma. Hata hakusimama. Batu ya siku hizi, ba Febby, hawana roho."

Mungu anisamehe, nilisema hivyo hivyo.

Febby akaweka birika chini. Akachuchumaa mbele yangu na mabega yake yale, akamgusa paka kichwani kwa ncha ya kidole kimoja. Paka akafunga macho.

"Mama Yolande," akasema, "miaka yote hii nilizania weye unajua kupenda samaki tu. Kumbe uko na roho ya vile." Akasimama. "Banyama bako na munganga yao kule ku boma. Acha chai. Tuende."

Tukaenda. Njiani kila aliyetuuliza, Febby alimsimulia habari ya yule mshenzi wa makaa, na kila mara baisikeli iliongezeka mwendo. Tulipofika Nchelenge bomani tukaambiwa munganga wa mifugo amekwenda Chienge kuchoma mbwa sindano za kichaa, atarudi kesho. Tukarudi na paka wetu. Febby akatafuta katoni ya mafuta ya kupikia, akaitandikia kipande cha kitenge, akachemsha chisense kidogo na kumnywesha paka mchuzi kwa kijiko cha chai. Mchana tulijaza magunia yaliyobaki pamoja, tukayagonga mara tatu kwa sheria, na kila baada ya gunia Febby alikwenda kumwangalia mgonjwa. Samaki wake mwenyewe walikuwa wanangoja kugeuzwa mikekani.

Kila wema wake ulinichoma. Chai nilikunywa, lakini haikuwa na ladha.

Jumatano tulimkuta munganga. Alikuwa kijana mrefu, anaitwa Elliot, na vumbi la Chienge bado lilikuwa kwenye viatu vyake. Alikuwa mpole sana. Ila Kiswahili hakujua hata cha salamu, na Kibemba changu mimi ni cha sokoni, kinatosha kuuliza bei na kuitukana bei. Kwa hiyo Febby, aliyejifunza Kiswahili kwetu wanunuzi, akawa mdomo wetu. Alichosema yeye, Febby alinigeuzia mimi; nilichosema mimi, alimgeuzia yeye.

Elliot alimlaza paka mezani juu ya gazeti. Akaupapasa mguu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kuonyesha si vibaya sana. Halafu akashuka tumboni. Akabonyeza, paka akalia. Akabonyeza tena, na uso wake ukabadilika. Akazungumza na Febby muda mrefu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema muguu imevunjika fasi moja tu, ile angeiweza. Shida ni tumbo. Iko nguvu, imevimba." Febby alikuwa anapangusa macho kwa ncha ya kitenge. "Nimemwambia ilikuwa baisikeli ya makala, mifuko tatu. Anasema kama muzigo ule ulipita pa tumbo ya kitu kidogo vile, ndani imepasuka. Atateseka siku mbili, kisha atakufa. Anasema afazali amupige sindano ya kulala leo. Hatasikia kitu."

Elliot alikuwa ameshafungua kabati. Alifanya polepole, kama mtu asiyependa kazi hiyo. Alitoa chupa ndogo, akachukua bomba la sindano.

Nataka ujue niliyoyafikiri, maana sitayaficha. Nilifikiri: nyamaza, Yolande. Paka atalala, na atakayejua ukweli ni wewe na ukuta. Ijumaa utapanda boti. Machi utarudi, na Febby atakuwa bado anaamini una roho nzuri, na atakuletea chai. Nisingefanya lolote. Ningesimama tu.

Paka alikuwa amegeuza kichwa juu ya gazeti, anamtafuta Febby, yule wa kijiko.

"Muambie angoje," nikasema.

"Angoje nini, mama?"

"Haikuwa baisikeli."

Febby akanigeukia. Elliot alikuwa ameshaingiza sindano katika chupa.

"Ilikuwa muti, ba Febby."

"Muti ya nini?"

"Ya kushindilia." Sauti yangu ilitoka ndogo, na mimi sina sauti ndogo. "Alikuwa mu mufuko. Mufuko ya sita. Sikumuona. Weye ulienda kuleta chai, miye nikashindilia. Muti ilimugonga pa muguu, pa tumbo haikufika, samaki ilikuwa inamufunika. Tumbo yake sijui iko na nini, lakini hakuna kitu ilipita juu yake. Muambie basi. Muambie mbio!"

Febby aliachia ncha ya kitenge aliyokuwa anapangusia macho. Nje kulikuwa na mtu anasukuma pikipiki iliyokataa kuwaka, akiisukuma na kuitukana. Elliot aliangalia uso wa Febby, akaangalia wangu, akauliza kwa Kibemba mama anasema nini.

Nilifikiri hatamjibu. Ingekuwa haki yake. Angeweza kutoka mlangoni na kuniacha pale na Kibemba changu cha bei. Lakini akamgeukia kijana, akaongea polepole, neno moja moja, na nikaelewa kila kitu. Alimwambia hakukuwa na baisikeli. Alimwambia ni mama huyu, alikuwa anashindilia samaki kwa mti, na mtoto wa paka alikuwa ndani ya gunia. Hata hapo alinitaja kwa "ba", kwa heshima, kama Wabemba wanavyomtaja mtu mzima.

Elliot akaweka sindano chini. Akarudi kwenye tumbo, akabonyeza kidogo hapa na pale, akainamisha sikio. Akamuuliza Febby swali moja, Febby akajibu. Nilisikia neno chisense. Kijana akaanza kucheka. Tumbo lilikuwa gumu kwa sababu lilikuwa limejaa. Kiumbe kilichokuwa na njaa tangu kizaliwe kilikuwa kimekula gunia langu usiku kucha, na Febby akakiongezea mchuzi juu.

Mguu ulifungwa kwa vijiti viwili vya tete na kitambaa cheupe, vizuri kabisa, mpaka paka akaonekana kama amevaa soksi moja kwenda kanisani. Elliot alitoa masharti na Febby aliyageuza, lakini sasa akitazama ukuta. Majuma matatu katika katoni. Pakavu. Asiruke, asibebwe ovyo, na safari hapana, wala ya boti wala ya gari.

"Umesikia," Febby akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia siku ile. Njiani alitangulia, mimi nyuma na katoni. Afadhali angepiga kelele, sauti anayo, ufukwe mzima ungesikia na yangeisha. Alipofika kwake alichukua birika lililokuwa mkekani, akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikaenda nyumbani kwa Beauty, ninakopanga chumba, na mti ule nikauingiza katika moto wake wa jikoni. Uliivisha bukari, ugali wa kwetu, wa watu sita.

Alhamisi nilimtafutia paka nyumba. Nilianza na Beauty.

"Paka ya muguu tatu?" Beauty alisema. "Mama, panya ya hapa kwangu itamucheka."

"Muguu itapona."

"Basi ipone kwanza."

Nikaenda kwa Chisanga, mzee anayeshona nyavu karibu na bandari. Yeye alimtaka, alimtaka kabisa, panya wanamlia nyavu. Lakini ziwa likifungwa yeye hukwenda Mwansabombwe kulima mihogo kwa shemeji yake, na shemeji ana mbwa. Mwanamke wa unga sokoni alinijibu kama Beauty, nimlete akishajua kukimbia. Nilizunguka na katoni kichwani mpaka jua likashuka. Watu walimtazama, walimsikitikia, walimgusa soksi, walinirudishia.

Utasema, ungemchukua mwenyewe. Kilwa nakaa, ndiyo, lakini nikiwa na mzigo napita tu. Boti ikifika, lori linangoja, na kutoka pale mpaka Lubumbashi ni siku mbili juu ya magunia, barabara ya mashimo, mvua ya Novemba kichwani. Mguu usingefika umenyooka. Pengine paka mwenyewe asingefika.

Nyumba ilikuwa moja tu Nchelenge nzima. Ilikuwa na bati lisilovuja, haina mbwa, haina watoto, ina samaki, na ina mtu anayejua kutumia kijiko cha chai. Mlango wake nilijua ulipo. Nina uso mgumu, watu wa forodha wananijua, lakini haukuwa mgumu kiasi cha kwenda kuugonga.

Ijumaa asubuhi Didier, mwenye boti, kijana wa kwetu Kilwa, alikuwa ameshawasha injini ili ipate moto. Magunia yangu tisa yalikuwa yamepangwa mchangani. Nilikaa juu ya moja, katoni magotini, paka ndani amelala. Nikamtazama, nikatazama nyumba ya Febby kule juu. Nilijua siwezi kuomba. Ila kulikuwa na kitu ninachoweza kufanya bila kuomba, na nilipokifikiria nikasikia joto usoni, maana kingefanyika mchana, mbele ya watu.

"Didier, zima injini."

"Mama, upepo utakuya."

"Acha ukuye. Nibebee mifuko hii tano. Tunairudisha kwa ba Febby."

"Tunairudisha? Juu ya nini?"

"Beba, mutoto, utaona."

Tuliyapandisha moja moja mpaka kwenye mikeka ya Febby. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikachukua kisu, nikakata uzi wa gunia la kwanza, nikalimwaga lote mkekani. La pili. La tatu. Wanawake waliokuwa wanageuza samaki wao waliacha, wakaja, wakasimama na mabeseni yao viunoni. Hakuna aliyeuliza. Ufukwe unajua kusubiri habari. Nilipomaliza la tano, nikaanza kujaza upya, kwa mikono tu, na gunia lilipojaa nikamwita Didier tuliinue.

"Hesabu," nikamwambia. "Kwa nguvu."

"Moja!" akasema Didier, na gunia likagonga chini. "Mbili! Tatu!"

Gunia la pili wanawake walihesabu pamoja naye. La tatu walikuwa wanapiga makofi. Walikuwa wameelewa zamani, hawakuhitaji kuelezwa, na mmoja aliuliza kwa Kibemba kama na ya mwaka jana nimeyaleta, wengine wakacheka mpaka wakashikana. Nikaendelea. Jasho lilikuwa linaniingia machoni. Nilishona la tano, nikanyoosha mgongo, nikageuka kutazama mkeka.

Pale mkekani palikuwa pamebaki lundo. Lingejaza gunia lingine zima na beseni juu yake. Wallahi sikujua ziada ile ni nyingi hivyo. Miaka minane sikuwahi kuiona kwa macho, maana kila mara ilikuwa imejificha ndani ya magunia, na mimi nilijiambia ni kidogo, ni hewa tu. Na hayo ni magunia matano ya asubuhi moja. Nilitaka mchanga unimeze.

Wanawake waligeukia nyumba. Nilipoinua macho, Febby alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kifuani. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Ile ni yako," nikamwambia. "Ni ya leo. Ya miaka ingine siwezi kuimwanga hapa, ba Febby, ilishaliwa. Pardon. Sina neno ingine."

Akashuka ngazi. Akalitazama lundo, akanitazama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Weye unazania miye siwezi kujua mufuko yangu? Ya watu wengine mutu mumoja anaibeba mpaka ku boti, yako inaomba watu wawili. Nilijua tangu mwaka wa pili." Sauti yake kubwa ilikuwa imekuwa ndogo. "Nikasema, huyu ni rafiki yangu, siku moja ataniambia yeye mwenyewe. Basi nikangoja. Nilikuwa naenda kukuletea chai, nakawia kule juu, nasema labda leo. Narudi, hausemi kitu. Iyee, mama Yolande! Umekawia mingi!"

Nikajifunika uso kwa kitenge. Nililia pale pale mbele ya wale wanawake, kamasi na yote. Na nitakuambia jambo la ajabu: kifua kilikuwa chepesi. Nilikuwa nimebeba mti ule muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Febby akachuchumaa kwenye katoni. Paka alikuwa ameamka, soksi yake imenyooka mbele yake. Febby akanyoosha mkono kwenye lundo, akachota chisense kwa vidole vitatu, akamwekea. Paka akala bila kumshukuru mtu. Akimtazama hivyo, Febby akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Halafu akainua katoni, akaibana ubavuni, akapanda nayo ngazi, akaingia ndani.

Nikabaki nimesimama. Sikujua kama ndiyo, sikujua kama hapana. Didier alinikumbusha upepo. Nilikuwa nimeshaanza kushuka kwenye maji nilipomsikia Febby anakuja nyuma yangu kwa hatua zake nzito. Akanishika mkono, akaniwekea pakiti ya chumvi.

Pande zote mbili za ziwa letu, paka hatolewi bure. Anayempokea humpa mwenye paka chumvi, ili paka asahau njia ya kurudi. Ukishapokea chumvi, paka si wako tena, ana kwake.

"Mu Machi utakuya?" Febby akauliza.

"Kama utaniuzishia."

"Nitakuuzishia. Lakini kujaza, nitajaza miye. Chai utapika weye."

"Nitapika."

"Na sukari utaleta ya kwenu."

"Nitaleta, ba Febby."

Akanisukuma begani, na kwa mabega yale karibu anitumbukize ziwani. Nikapanda. Didier akarudisha nyuma boti, akageuza, na tulikuwa tumeshafika mahali ambapo maji yanabadilika rangi nilipoisikia sauti. Alikuwa amesimama mpaka magotini ndani ya maji, mikono mdomoni.

"Mama Yolandeee! Nimemupa jina! Anaitwa Yolande! Akiiba samaki yangu nitamupiga, batu bote basikie!"

Kicheko cha wanawake kilitufikia juu ya maji, kikatufuata. Nami nikacheka, nikapunga mkono, nikacheka mpaka nikaona ufukwe wote umekuwa ukungu machoni mwangu.

Didier alinitazama kwa pembeni, mkono kwenye injini.

"Mama, unalia juu ya paka?"

"Nani analia? Ni chumvi. Imeniingia mu macho."

Akaitazama pakiti magotini mwangu. Ilikuwa haijafunguliwa.